Mafaili Yasiyo na Mwenyewe

Mtu akiniuliza uchovu ni kitu gani, simwelezi. Namtajia Asmare Wubetu, na kama mtu huyo aliwahi kufanya kazi nasi katika ofisi ya barabara za vijijini pale Debre Markos, anatikisa kichwa tu na mazungumzo yanaishia hapo.

Asmare alikuwa mtu wetu wa kompyuta. Mrefu, mgongo umeanza kupinda, sweta moja ya kijivu mvua na kiangazi, macho mekundu ya mtu anayelala kwa kukopakopa. Karibu wote tulimwita Gashe, kama anavyoitwa kaka mkubwa, hata wale waliomzidi umri, maana alikuwa na sura ya mtu aliyezaliwa akiwa mkubwa. Hakuwahi kuoa. Alikuwa na mama yake kijijini, ng'ambo ya Mota, na dada yake Bosena aliyekuwa akimtunza huyo mama. Wa tatu tulikuwa sisi, na sisi ndio tuliommaliza.

Nieleze tulivyommaliza, kwa sababu jambo lenyewe ni dogo mno, na watu hawaamini kwamba jambo dogo namna ile linaweza kumla mtu akiwa hai.

Ripoti zetu tuliziandika kila mtu kwenye kompyuta yake, lakini tulizihifadhi pamoja, kwenye mashine moja kubwa iliyofungiwa chumbani kwa Asmare. Seva, ndivyo alivyoiita. Ukifungua ripoti yako humo, kompyuta hutengeneza nakala za pembeni, za kujishikiza, ambazo wewe huzioni. Kila ukihifadhi, nakala nyingine. Ukimaliza kazi na kuifunga ripoti vizuri, nakala zile hujifuta zenyewe na dunia inaendelea. Lakini umeme ukikatika ripoti ikiwa wazi, hakuna wa kuzifuta. Kompyuta zetu huzimika, seva ina betri yake inabaki hai, na zile nakala zinabaki ndani yake hazina baba wala mama. Ripoti zetu zilikuwa za madaraja na makalavati, picha juu ya picha, kwa hiyo kila nakala ilikuwa nzito sawa na ripoti yenyewe.

Sasa, umeme wetu ulikuwa na tabia zake. Msimu wa mvua ulipenda kuondoka kabla ya adhuhuri. Na kabla ya adhuhuri ndipo Mama Etagegn, mpishi wetu wa kahawa, alipotandaza majani mabichi kwenye korido, akakaanga kahawa, na harufu ikapenya chini ya kila mlango. Hakuna mtu wa kwetu anayeisikia harufu ile akabaki anafungafunga vitu. Unainuka. Na ukishaketi huinuki tena mpaka kikombe cha tatu, maana cha tatu ndicho chenye baraka, na nani aikimbie baraka kwa ajili ya kalavati? Basi ndivyo ilivyokuwa kila siku ya kazi: ofisi nzima koridoni, ripoti zote wazi mezani, na umeme huyoo, umekwenda zake.

"Fungeni kwanza, ndipo mnywe," Asmare alikuwa akisema, amesimama mlangoni kwake ameshika kizingiti.

"Kahawa haingoji, Gashe," alimjibu Fikirte. Huyu alikuwa wa idara ya madaraja, mwanamke wa maneno mengi na kicheko kinachozidi maneno. "Njoo unywe. Tangu lini umekuwa polisi wa mafaili?"

"Ni kubonyeza mara moja tu, Fikirte."

"Nikibonyeza, nikirudi nianze kutafuta nilipoishia. Niache dada yako nipumzike, bwana. Shika kolo, tafuna."

Asmare alikuwa anampigia mbuzi gitaa. Mwisho aliketi, akapokea kiganja cha shayiri iliyokaangwa, akanywa. Kikombe cha pili kikiwa bado mkononi taa zikazimika. Wengine walicheka kama kawaida. Yeye alifumba macho, akakaa hivyo mpaka Mama Etagegn alipomgusa bega amjazie.

Mtu atauliza, kwa nini asizifute tu, na yeye ndiye mwenye funguo? Hapo ndipo penye kichekesho, na mimi kichekesho hicho kinanikera mpaka leo.

Mkuu wetu, Ato Tibebu, yaani Bwana Tibebu, aliwahi kuandika hotuba ya kuzindua daraja. Aliiandika mwenyewe, jambo la nadra, na alikuwa ameipenda sana. Umeme ukakatika, hotuba ikapotea. Alipiga kelele iliyosikika mpaka getini. Asmare akaingia kwenye seva, akachokorachokora katika zile nakala, akaipata hotuba nzima isipokuwa sala ya mwisho. Mtu mwingine angeshukuru. Ato Tibebu alitoa amri, nami nikaichapa, maana mimi ndiye mpiga chapa wake, ikabandikwa ukutani: kuanzia leo hakuna nakala itakayofutwa kabla mwenyewe hajaulizwa na kukubali. Aliamini kabisa kwamba ameiokoa serikali.

Lakini nakala hizo hazina jina la mtu. Zina alama na tarakimu tu. Ikabidi Asmare azifungue moja moja, apite meza kwa meza ameikumbatia kompyuta yake ya mkononi, anauliza: "Hii ni yako? Naweza kuifuta?" Na ofisi yetu ilikuwa na jibu moja.

"Iache kwanza. Huenda ni yangu."

"Ni ya miaka minne nyuma, Ato Mekete. Daraja lenyewe lilikwisha kuchukuliwa na mto."

"Ndiyo uiache. Wakija kuuliza lilikuwaje?" Ato Mekete alikuwa mhasibu, mzee anayekaribia kustaafu, na hakuwahi kutupa hata bahasha.

"Na hii, Fikirte?"

"Inakula injera yako? Si umeambiwa huenda ni yangu?"

Hakuna aliyekuwa na ubaya naye. Kila mtu aliogopa kuwa yule aliyesema "ndiyo" siku ambayo kitu cha maana kinapotea. Hivyo seva ilijaa, Asmare akabembeleza hapa akapunguza pale, ikapumua kidogo, ikajaa tena. Ikijaa hakuna ripoti inayohifadhika, na hapo wale wale waliokataa ndio waliokuja kumgongea mlango: "Gashe, kompyuta imekataa! Unafanya nini humo ndani?"

Kila akiomba likizo aende kwa mama yake, seva ilijaa. Mama yule alikuwa na desturi ya kuandaa karamu siku ya Mtakatifu Mikaeli, kwa nadhiri aliyoiweka wakati Asmare alipopona surua akiwa mdogo. Kila mwaka majirani walikula, makasisi walibariki mkate, na mtoto aliyeponywa hakuwepo. Asmare mwenyewe aliniambia maneno ya mama yake, akicheka kicheko kile kisichofika machoni. Mama aliuliza: "Mwanangu anachunga mnyama gani huko mjini asiyeweza kulala peke yake?"

Basi ukafika mwezi wa Sene, mwisho wa mwaka wa hesabu, mvua zimeshika, ripoti ya mwaka inatakiwa. Jumatano Bosena akapiga simu. Mama hali chakula. Kalala anaita jina moja tu.

Asmare aliingia kwa Ato Tibebu nikiwa pale ninachapa. Alisimama, hakukaa.

"Ato Tibebu, mama yangu ni mgonjwa sana. Naomba niondoke kesho alfajiri."

"Mungu amponye! Nenda, Asmare, nenda. Mama ni mama." Akachukua kalamu kutia sahihi, halafu kalamu ikasimama. "Seva ikoje?"

"Imejaa."

"Imejaa! Na ripoti inatoka Ijumaa?"

"Nipe ruhusa nifute bila kuuliza. Jioni hii hii nimemaliza, naondoka nimeiacha safi."

"Bila kuuliza?" Ato Tibebu aliegemea kiti kama aliyesikia tusi. "Amri ni amri, ndugu yangu. Mtu akipoteza kazi yake, wakubwa wataniuliza mimi, si wewe. Fanya hivi. Baki mpaka Ijumaa. Ripoti ikitoka tu, Jumamosi alfajiri uko kwenye basi. Siku mbili ni nini? Wazee wa huku kwetu Gojjam hawaondoki upesi. Wa kwangu aliugua mwaka mzima, bado anagombana na watoto."

Sikuweza kunyamaza. "Ato Tibebu, mwache mtu aende kwa mama yake. Ripoti nitaihifadhi hata kwenye kompyuta yangu."

"Wewe chapa, Abaynesh."

Nikamtazama Asmare, nikitaka apige meza, atukane, atoke zake bila sahihi ya mtu. Mimi ningetoka. Alisema, "Sawa," kwa sauti ya mtu anayesogea ili mwingine apite, akarudi chumbani kwake. Nilimkasirikia yeye kuliko nilivyomkasirikia mkuu, na hasira hiyo haikuwa haki, lakini ndivyo nilivyojisikia.

Alhamisi alipita meza kwa meza. "Hii ni yako?" "Iache kwanza." Jioni alikuwa amepata nafasi ya kutosha kama mtu hatakohoa.

Ijumaa mvua ilianza asubuhi. Ripoti ya mwaka ilikuwa wazi kwenye kila meza, kila idara sehemu yake, picha tele. Mama Etagegn akakaanga kahawa. Asmare alitutazama tu tukipita kwenda kuketi, mmoja baada ya mwingine, nami nilijua anachokitazama, nikarudi kufunga yangu. Yangu tu, katika nyumba nzima. Umeme ukaondoka. Uliporudi, seva ilikuwa imejaa mpaka shingoni, na hakuna sehemu ya ripoti iliyokubali kuhifadhika.

Alasiri ilianza na simu ya mezani kwangu. Asmare alikuwa chumbani kwake, mlango wazi, namsikia akikohoa.

"Nani mwenzangu?" sauti ya mwanamke.

"Abaynesh, ofisi ya barabara."

"Mimi Bosena. Ndugu yangu yuko karibu?"

"Yuko hapa hapa, ngoja nimwite."

"Usimwite."

Alivyovuta pumzi nikajua. Nikakaa chini.

"Ametuacha saa sita," alisema. "Alikuwa akiuliza kama basi limefika. Tutazika kesho mchana, makasisi wamekubali kumngojea mtoto. Mwambieni kama inavyopasa, dada yangu. Asiambiwe ovyo."

Kama inavyopasa. Kwetu mtu haambiwi kwa simu kwamba mama yake amekufa, wala haambiwi kazini, wala akiwa peke yake. Watu hukusanyika, wakamwendea nyumbani kabla jua halijatoka, akiwa amelala na kupumzika, wakamwambia kwa pamoja, ili akianguka awepo wa kumdaka. Kabla ya saa hiyo, anayejua anafunga mdomo, hata kama anakaa naye sahani moja. Nimelelewa hivyo na siilaumu desturi. Ila sikuwahi kuibeba alasiri nzima huku mwenye msiba anazunguka mbele yangu.

Niliingia kwa Ato Tibebu nikafunga mlango. Alinisikiliza, akavua miwani.

"Saa sita ya leo?"

"Ya leo."

"Angeondoka jana..."

"Angemkuta. Wangeshikana mikono."

Safari hii hakuniambia nikachape. Alikaa akiitazama ile miwani mkononi kama kitu cha mtu mwingine. Kisha akatoka, akapita meza kwa meza, akiinama kwenye sikio la kila mmoja. Nilimwona Fikirte akivuta netela yake, ule mtandio mweupe, akauziba mdomo nao, akageukia ukuta.

Watu hawajakaa sawa, Asmare akatoka chumbani na kompyuta yake kifuani. Alianza na Fikirte. Mzigo mzito hubebwa kwanza.

"Fikirte dada yangu, usinikasirikie. Ziko hizi hapa. Najua utasema—"

"Futa, Gashe."

"Hujaziangalia bado."

"Futa. Zote, futa tu."

Alimtazama. "Una homa wewe?"

"Mafua," alisema Fikirte, na sauti yake kweli ilikuwa ya mafua.

Akaenda kwa Ato Mekete, tayari ameshaandaa maelezo. Mzee hakumngoja afungue mdomo. "Futa, mwanangu. Ni takataka."

"Hata za lile daraja?"

"Hata hizo. Limekwisha kwenda, litarudi?"

Meza baada ya meza, futa, futa, hakuna aliyeinua uso. Ato Tibebu mwenyewe akaenda ukutani, akaibandua amri yake, akaikunja mfukoni. "Asmare, usiulize tena mtu. Futa upendavyo." Na yule mtu, ambaye sikuwahi kumwona akicheka kwa meno, akacheka. Alicheka! Mgongo wake ulinyooka. "Leo mmekula nini nyie? Mfungo wa nyama umewaingia kichwani?" Nasi tukajilazimisha kucheka naye. Mungu atusamehe kicheko kile.

Kazi aliyoililia miaka yote aliimaliza kabla ya saa ya kutoka kazini. Ripoti ikahifadhika, ikatumwa. Alikuja kwenye meza yangu, akavuta kiti, akakaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Abaynesh, nikwambie kitu? Nilidhani mnanidharau. Naapa, nilidhani hivyo. Kumbe mlikuwa mmechoka tu, kama mimi."

"Tumechoka, Gashe."

"Kesho nitamwambia mama, yule mnyama amelala." Akatoa kitu kwenye mfuko wa nailoni, gabi mpya, blanketi la pamba jeupe kama theluji ya kwenye picha, akaliweka magotini pangu. "Hebu shika. Kwa ngozi ya mzee halitakwaruza?"

Nilishika. Nilisugua pembe ya kitambaa kwa vidole kana kwamba naangalia ubora, maana nilihitaji mahali pa kutazama.

"Ni laini, Gashe."

"Laini, eh?" Alilikunja kwa uangalifu, kwanza mara mbili, halafu tena. "Basi nashukuru. Nawashukuru nyote." Akaenda kulala mapema.

Tulikutana alfajiri kwenye kona ya kanisa, giza likiwa bado halijachanika, wanawake netela zimegeuzwa kimsiba, ukingo wa rangi mabegani. Ato Tibebu alikuja na gari la ofisi. Gari lile, ambalo miaka nenda rudi halikuwa na mafuta mtu akitaka kupeleka mgonjwa, lilikuwa limejazwa tangi. Tuliliacha mbali ili asisikie, tukashuka kwa miguu kwenye matope kuelekea uani alikopanga chumba. Mpango ulikuwa kumgongea, Ato Mekete atangulie, aseme maneno.

Hatukugonga. Alikuwa ameshaamka kuwahi basi. Tulimkuta getini anavuta komeo, sweta ya kijivu imefuliwa, begi begani, mfuko wa gabi mkononi.

Kwetu mtu akifungua mlango alfajiri akakuta watu wamesimama hivyo, haulizi kuna nini. Asmare aliweka begi chini. Akatutazama mmoja mmoja, Ato Tibebu, mimi, mzee Mekete. Macho yake yakaishia kwa Fikirte, yakakaa hapo muda mrefu. Nilimwona akipiga hesabu yake, polepole, kama alivyofanya kila kitu.

"Ndiyo maana jana mlikubali," akasema.

Fikirte alianguka. Akaenda chini kwenye matope, analia kwa sauti ya kuamsha mtaa, anamshika miguu. Sote tuliokwenda pale kumdaka Asmare tulisimama na mikono yetu. Yeye ndiye aliyeinama, akamshika Fikirte makwapani, akamwinua.